Ilimba Sita na Ngoma Mbili: Shajara ya Mradi wa Muziki Darasa la Tatu

Nafundisha shule ya msingi ya serikali wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Darasa langu la tatu lina watoto 58. Wengi wao nyumbani huongea Cigogo, Kiswahili wamekutana nacho shuleni, na wapo ambao tangu waanze shule hawajawahi kunyoosha mkono darasani. Watoto haohao, kengele ya mapumziko ikigongwa, wanaimba mpaka vumbi linatimka: mmoja anaanzisha, ishirini wanaitikia, na makofi hayapishani hata kidogo. Nilitaka sauti ile ya uwanjani iingie darasani. Mradi wote ulianzia hapo.

Naandika kila hatua inapokamilika, ili mwalimu mwingine atakayetaka kufanya hivi asilipie tena makosa ambayo mimi nimeshayalipia. Yaliyokwenda sawa nitayapita haraka.

22 Januari 2024: Nani aanzishe wimbo

Sanaa na Michezo ni somo la darasa la tatu, kwa hiyo mwalimu mkuu hakuwa na ubishi. Ratiba ni Jumanne na Alhamisi dakika 40 baada ya vipindi, pamoja na dakika tano za mwanzo wa kipindi cha Kiswahili kila siku.

Wiki mbili za kwanza zimepotea kwa kosa langu. Kanisani naimba sauti ya nne. Nilianzisha nyimbo pale koo langu lilipozoea, na watoto wakajitahidi kunifuata huko chini. Nilichopata ni mngurumo, na watoto kadhaa wakanyamaza kabisa. Kwenye daftari nikaandika majina 14 chini ya kichwa "wasio na sauti".

Orodha hiyo nimeichana. Nyuzi za sauti za mtoto ni fupi, na mtoto wa miaka minane au tisa huimba kwa raha kuanzia kwenye re iliyo juu tu ya do ya katikati ya kinanda, mpaka la. Chini ya hapo anakwaruza. Tena mwalimu mwanamume akiimba, mtoto anasikia sauti iliyo oktavu nzima chini yake, yaani umbali wa do mpaka do inayofuata, naye inambidi aipandishe mwenyewe kichwani kabla ya kufungua kinywa. Wapo wanaoweza bila hata kujua wanafanya nini. Wengine wanapotea njiani, halafu wanaambiwa hawajui kuimba, na neno hilo wanazeeka nalo.

Dawa imekuwa rahisi: nimeacha kuanzisha. Nimemwomba binti mmoja ambaye ndiye huanzisha nyimbo za kuruka kamba aanzishe na darasani. Alipoweka wimbo mahali pake, wale 14 waliingia wote isipokuwa watatu, siku hiyohiyo.

Kosa jingine la wiki hizo ni kusema "Pazeni sauti!" Mtoto akiambiwa hivyo anapiga kelele, mishipa ya shingo inamsimama, na kesho yake amekauka. Sasa nasema, "Mwimbie aliye ng'ambo ya dirisha." Sauti inafika bila kupasuka.

Gharama mpaka leo: hakuna.

9 Februari: Wimbo ambao si wa darasani

Nyimbo za kwenye vitabu zilikwisha mapema, na watoto waliziimba kama wanaosoma tangazo. Nikawaambia kila mmoja alete wimbo mmoja wa nyumbani. Zikaja 23: za kubembeleza mtoto, za kutwanga, za michezo, za kuchunga. Darasa likachangamka mara moja. Hata watoto watatu waliokuwa wamebaki kimya walileta nyimbo, na mmoja wao alikuwa na wimbo wa kutwanga wenye mapigo ambayo mimi mwenyewe nilishindwa kuyashika.

Kisha mvulana mmoja akaanzisha wimbo aliousikia kwa kaka yake. Baadhi ya watoto wakacheka kwa namna isiyo ya kawaida, wavulana wawili wakubwa wakainamisha vichwa. Sikuelewa, nikamwachia amalize, nikampongeza.

Asubuhi iliyofuata bibi yake mmoja wa watoto alikuwa mlangoni kabla ya kengele. Tulisalimiana, kisha akasema polepole, "Mwalimu, ule wimbo si wa hapa." Ulikuwa wimbo wa jando. Una mahali pake, una wakati wake na watu wake, nami niliufundisha mbele ya wasichana saa saba mchana. Niliomba radhi kwake, nikaenda na kwa baba wa yule mvulana, maana mtoto hakuwa na hatia.

Bibi alikubali kuketi nami jioni mbili. Tukazipitia nyimbo zote 23, moja moja, zikabaki 16. Popote unapofundisha, iwe Songea, Musoma au Pemba, tafuta kwanza mtu mzima wa hapo anayejua wimbo upi ni wa nani. Mimi nilifanya hivyo baada ya kuumiza.

Gharama: sukari na majani ya chai kwa Bibi, Sh 5,000. Fedha hakutaka kusikia.

8 Machi: Ngoma na mvua

Tumenunua ngoma mbili za muheme, ngoma ya Wagogo, kwa fundi, Sh 45,000 kila moja. Kamati ya shule ilitoa Sh 100,000 za kuanzia mradi, hivyo karibu zote zimeishia hapa. Ningejua ningeanza na moja.

Ngoma ziliingia shuleni mvua ikiwa imeshika. Ndani ya siku nne ngozi ililegea, ukipiga unasikia kama unagonga gunia. Nikaweka moja juu ya jiko la mkaa ili ikauke. Ngozi ilikazika upande mmoja tu, ule uliokuwa karibu na moto, kisha ikapasuka kutoka ukingoni mpaka katikati. Ngozi mpya ya mbuzi na kazi ya kuwamba: Sh 15,000.

Fundi alinionyesha jinsi ya kufanya. Unawasha majani makavu, si mkaa. Unashika ngoma mbali na moto, unaizungusha bila kusimama, na kila mara unaidunda kwa kidole na kusikiliza. Sauti ikipanda mpaka pale unapopataka, unaacha, hata kama ngozi bado ina ubaridi kidogo. Na usiiache ngoma sakafuni usiku, kwa kuwa unyevu wa sakafu unailegeza kuliko mvua yenyewe. Zetu sasa zinaning'inia kwenye kenchi ya stoo.

Kosa la pili ni la kichwani mwangu. Ngoma niliwapa wavulana, bila hata kufikiri. Bibi alipopita Alhamisi alitazama kidogo, akaichukua ngoma kwa mvulana, akaiweka katikati ya magoti yake, akaipiga. Darasa zima lilinyamaza. Ugogoni muheme ni ngoma ya akina mama, na hivyo ndivyo wanavyoishika. Akamwita msichana wa nyuma kabisa, akamwambia, "Wewe, njoo." Tangu siku hiyo wasichana sita ndio wapigaji, na Bibi anakuja kila Alhamisi.

Wavulana nikawatengenezea manyanga ya makopo yenye mtama ndani. Nilitengeneza 30. Usifanye hivyo. Makopo 30 yakitikiswa kwenye chumba kimoja hakuna anayesikia hata pigo lake mwenyewe, na mtoto asiyejisikia hawezi kujirekebisha. Yamebaki sita, yanapokezanwa. Nyuzi na gundi: Sh 3,000.

19 Aprili: Ilimba na programu ya simu

Hapa nitakaa kwa kirefu, kwa sababu ndipo nilipokosea zaidi na kujifunza zaidi.

Nilitaka ala ambayo kila mtoto angeweza kushika zamu yake na kupata noti kamili. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka huku kwetu Ugogoni na kuipeleka ilimba, ala ya kisanduku chenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba, mpaka majukwaa ya Ulaya, lakini katika watoto wangu 58 hakuna aliyewahi kuishika. Nikawasikilizisha kwa simu. Mmoja akasema, "Babu yetu anayo hiyo, iko juu ya kabati." Ndivyo tulivyompata mwalimu wetu wa pili.

Tulitengeneza sita ndogo, za vyuma tisa kila moja. Mbao za visanduku Sh 18,000. Misumari ya nchi nne, kilo mbili, Sh 9,000. Inafuliwa kwa nyundo juu ya kipande cha reli mpaka iwe bapa. Nta ya nyuki Sh 5,000. Fundi seremala alitoza Sh 10,000 kwa kila kisanduku, jumla Sh 60,000. Kufua misumari tulifanya wenyewe, jioni tatu. Wawekee watoto sheria moja tu: anayefua amevaa viatu, na anayetazama amekaa mbali hatua tatu.

Vyuma vilipokaa mahali pake, nilipakua programu ya kupima sauti kwenye simu. Nikazitia ilimba zote sita kwenye noti za kinanda, chuma kwa chuma, mpaka taa ya kijani ikawaka kwa kila kimoja. Kazi ilichukua Jumamosi nzima na niliridhika nayo.

Jumanne watoto hawakuweza kuimba nazo. Wimbo uleule wa kutwanga waliouimba bila tatizo tangu Februari uliteleza kila walipofika kwenye noti za juu. Walikuwa wanaimba vizuri wanaponyamazisha ilimba, wakiirudia wanapotea. Nilidhani wamechoka. Alhamisi ikawa vilevile.

Babu alikuja wiki iliyofuata. Akaichukua moja, akapiga vyuma vyote mara mbili, akaiweka sikioni, akauliza, "Hii nani ameifundisha?" Kisha akaanza kuitia sauti upya bila simu wala kinanda. Chuma akikisukuma ndani kinabaki kifupi na sauti inapanda. Akikivuta nje kinakuwa kirefu, sauti inashuka. Huku akiimba kwa sauti ya chini, chuma kimoja baada ya kingine.

Baadaye ndipo nilipokielewa alichofanya. Noti za muziki wa Wagogo hufuata mfululizo wa sauti za asili, zile zinazojitokeza zenyewe uzi au hewa inapotetemeka. Sauti ya saba katika mfululizo huo hukaa chini ya noti ya kinanda iliyo jirani yake kwa karibu theluthi ya nusu-hatua, yaani theluthi ya umbali mdogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda. Simu haina habari hiyo. Kwake noti ile ni mbovu, inataka ipandishwe. Watoto wangu masikio yao yalikuwa sahihi muda wote. Mimi ndiye niliyewapa ala isiyojua wimbo wao.

Akamalizia na jambo ambalo nisingelibuni. Kisanduku kina tundu dogo. Babu alikwenda ukutani, akabandua utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai, akauweka juu ya tundu na kuuzungushia nta. Ilimba ikaanza kuvuma, kila noti ikiwa na mtetemo mwembamba nyuma yake. Watoto walikimbilia kwenye kuta zote za shule kutafuta tando.

Alipopiga, hakuna aliyewaambia waanze. Walianza wenyewe, wote, mahali palepale.

Kama unatengeneza kinanda au filimbi za nyimbo za shule, tumia simu. Kama unatengeneza ala ya kwenu, tafuta mzee.

Sukari kwa Babu: Sh 7,000. Karatasi za manila na kalamu za rangi: Sh 6,000.

17 Mei: Mashindano ya kata

Tulitakiwa kupeleka waimbaji 20. Niliwapima watoto mmoja mmoja mbele ya wenzao, nikachagua 20 wenye sauti nzuri, 38 nikawaambia watazame. Tulipata nafasi ya tatu na daftari tano za zawadi.

Alhamisi iliyofuata, katika wale 38 walikuja tisa. Siku ya muziki ndiyo iliyokuwa siku darasa linajaa, hata watoto wanaochunga walikuwa wanaomba ruhusa ya kuja. Msichana mmoja niliyemkuta njiani alisema, "Mwalimu, mimi si ulisema sina sauti?" Sikuwahi kutamka hivyo. Lakini nilimsimamisha mbele ya darasa na kumrudisha kwenye kiti, naye alisikia.

Nilishasoma kabla ya kuanza mradi kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Leipzig, Ujerumani. Watoto wa miaka minne walicheza mchezo mmoja, wengine pamoja na kuimba na kupiga ala, wengine bila muziki. Waliocheza kwa muziki walisaidiana na kushirikiana zaidi baada ya mchezo. Nilimsomea mwalimu mkuu habari hiyo kama sababu ya kutupa muda. Kisha nikafanya kinyume chake kabisa: faida ile inazaliwa kwenye kufanya pamoja, nami niliwatenganisha.

Ilinichukua wiki tatu kuwarudisha, nyumba kwa nyumba kwa wengine. Utaratibu mpya: kila mtoto anajifunza kila kitu, na pakihitajika idadi ndogo tunapiga kura za vikaratasi mbele ya wote. Waliobaki ndio wanaosikiliza mazoezi na kusema wapi pamelegea. Hatutashika nafasi ya tatu tena kwa utaratibu huu, pengine, nami nimekubali.

26 Julai: Je, inasaidia kusoma?

Wazazi wawili waliniuliza kwenye kikao kama watoto wanacheza tu. Swali ni halali. Nitaeleza nilichokiona, na nisichokiona pia.

Zile dakika tano za kipindi cha Kiswahili nilizianza kwa kuimba silabi zilizoandikwa kwenye manila: ba, be, bi, bo, bu. Kufikia Machi darasa zima liliimba bila kosa, nikafurahi. Siku moja nikazichanganya silabi kwenye karatasi. Waliimba ba, be, bi, bo, bu vilevile, fimbo yangu ikiwa kwenye "mo". Walikuwa wamekariri wimbo, macho hayakuwa na kazi. Kwa miezi miwili kuimba kulinifichia watoto wasiosoma.

Sasa tune ni ileile, lakini maneno yanabadilika kila siku, na kila mstari una mahali ambapo mtoto mmoja anaimba peke yake neno ambalo hajalisikia. Akikwama, darasa zima linamwitikia kwa neno sahihi na wimbo hausimami. Hilo la mwisho lina thamani kubwa. Mtoto aliyekosea kwenye kusoma kwa kawaida anasimama katikati ya ukimya. Kwenye wimbo anabebwa.

Jambo lililosaidia zaidi ni makofi. Kiswahili kinafaa kwa kazi hii, maana silabi zake zinahesabika wazi. Tulibishana siku nzima kuhusu "mtoto": wengi walipiga makofi mawili, to-to. Ni matatu, m-to-to, na "m" ina kofi lake. Walipolipiga wiki moja, wale waliokuwa wanaandika "toto" na "kate" wakaanza kuandika "mtoto" na "mkate". Nilikuwa nimesahihisha kosa hilo kwa kalamu nyekundu tangu Januari bila mafanikio.

Siwaambii wazazi kwamba muziki unamfanya mtoto awe na akili nyingi. Ule uvumi wa kumsikilizisha mtoto Mozart ulitokana na jaribio la mwaka 1993 lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, na nafuu waliyoipata ilidumu dakika chache. Ninachowaambia ni hiki: utafiti wa Nina Kraus na wenzake uliochapishwa mwaka 2014, kwa watoto wa mitaa ya kipato cha chini Los Angeles, ulipima jinsi ubongo unavyotofautisha sauti za maneno zinazokaribiana. Waliojifunza muziki miaka miwili waliimarika. Mwaka mmoja haukutosha. Na watoto wale walikuwa wanapiga na kuimba wenyewe, hawakukaa kusikiliza. Kwa hiyo nisitarajie makubwa Desemba hii.

Pia tumehamia chini ya mbuyu. Mwalimu wa darasa la pili alivumilia muheme ukutani kwake miezi mitano kabla ya kulalamika, na alikuwa na haki.

20 Septemba: Mwenye kigugumizi

Ana miaka tisa. Jina lake mwenyewe humchukua muda kulitoa, na wenzake walikuwa wakimmalizia. Alikuwa mmoja wa wale 14 wa Januari.

Akiimba hakwami. Kwa watu wengi wenye kigugumizi hali iko hivyo: maneno yakipewa mapigo na kuvutwa kwenye tune, yanapita. Mimi nililisikia kwa bahati, alipofikiwa na mstari wake wa peke yake mwezi Julai. Aliimba neno "kinyonga" kama maji. Darasa liligeuka kumtazama, naye akaendelea.

Kosa nililofanya ni kumshangilia mno na kumwambia mara moja, "Sasa sema." Alikwama vibaya kuliko siku zote. Muziki haukumponya, na sikutakiwa kuufanya mtihani. Nilimwacha. Mwezi uliopita Bibi alimpa kazi ya kuanzisha wimbo wa kutwanga, naye ndiye mwanzishaji mpaka leo. Akiongea bado anakwama. Ila wiki hii alinyoosha mkono kwenye Hisabati, akachukua muda wake wote, na hakuna aliyemmalizia.

29 Novemba: Hesabu ya mwaka

Ngoma Sh 90,000, ngozi na kuwamba 15,000, ilimba 92,000, manyanga 3,000, sukari na chai 12,000, karatasi na kalamu 6,000. Jumla Sh 218,000. Kamati ilitoa 100,000. 118,000 tumechanga mimi na walimu wawili. Anayeanza leo, akijua ninayoyajua, anaweza kuanza na ngoma moja na ilimba mbili kwa karibu Sh 80,000.

Kilichoharibika: manyanga yote, ilimba moja imepasuka kisanduku, na tando za buibui hubadilishwa kila baada ya wiki chache.

Mwakani watoto wanaingia darasa la nne. Mwalimu wao mpya amekubali kutupa Alhamisi tu, nami nimekubali Alhamisi. Wasichana wawili wa muheme wameshaanza kuwafundisha wadogo wao wa darasa la pili wakati wa mapumziko, bila kuulizwa. Babu ameagiza misumari kilo moja nyingine, tena amesisitiza iwe ya nchi nne.